Upande wa Baba Mezani

London, 21 Februari 1603

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila moshi wa makaa ya huku unanipigisha chafya kanisani mpaka watu wanageuka.

Nina habari njema. Bwana Wragg, mchapaji, amekubali kukichapa kitabu chako. Nyimbo zako zote, na jina lako mbele: Ambrose Thurlow wa Lavenham. Nimemweleza tulivyokuwa tukiimba nyumbani, karatasi imelazwa katikati ya meza, marehemu Mama upande mmoja na udi wake mapajani, wewe ng'ambo na sauti nzito, mimi ubavuni na sauti ya kati. Kwa hiyo sauti ya Mama na alama za nyuzi za udi zitachapwa zikimtazama yeye, na yako itachapwa kichwa chini, ili ukiwa ng'ambo uisome sawasawa. Yangu itakaa kiubavu. Bwana Wragg anaguna. "Mwambie baba yako herufi zangu zitapata kizunguzungu." Lakini vitabu vingi vya nyimbo vinavyouzwa hapa vina mtindo huo huo, naye anajua.

Mwanao,
Gervase


Lavenham, 2 Aprili 1603

Mwanangu Gervase,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia vidole vilivyokakamaa. Asubuhi havikunjuki mpaka nivitie kwenye bakuli la maji ya moto. Huku tunamwombolezea Malkia. Kengele zililia kutwa, na mpiga kengele wetu, mlevi yule yule, aliendelea hata baada ya kuambiwa inatosha.

Tangu mama yako azikwe sijaushusha udi wake ukutani. Nakunywa supu upande wangu wa meza, natazama kiti chake. Sitakudanganya, sioni miaka mingi mbele. Kitabu hicho ndicho kitakachobaki cha sisi wawili. Watu tusiowajua watakilaza mezani, mke huku, mume kule, nasi tutakuwemo. Mwambie huyo Wragg aache kuguna ageuze herufi.

Unakula? Mama yako angeuliza hilo kwanza.

Baba yako


London, 9 Juni 1603

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu, maana tauni imeingia mtaa wa nyuma yetu. Usihangaike.

Wafanyakazi wa Bwana Wragg wamekimbilia mashambani. Amesema kazi ya kugeuza herufi haiwezi tena. Tuchape sauti ya Mama na udi tu, au tuache kabisa. Anasema vijana wa siku hizi wanapenda kuimba peke yao, wapate kusifiwa. Niliogopa kitabu kisitoke kabisa, nikakubali. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa. Nyimbo ni zile zile, Baba, na jina lako lipo pale pale, tena kwa herufi kubwa. Nakutumia karatasi ya kwanza uone ilivyopendeza.

Mwanao,
Gervase


Lavenham, 20 Juni 1603

Gervase,

Karatasi nimeiona. Nimeilaza mezani, nikakaa upande wangu, na upande wangu ni mweupe.

Wewe ulikuwa mdogo, hukujua. Mama yako hakuwahi kuimba peke yake hata siku moja. Alikuwa na sauti ile, na alikuwa anaiogopa. Mbele ya watu aliukatiza wimbo katikati, akauweka udi chini. Siku za uchumba wetu nilimtungia sauti nzito ya kupita chini ya yake, nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Cicely, usiwatazame wao. Nitazame mimi." Ndivyo nyimbo hizo zilivyoanza. Sasa umemsimamisha peke yake mbele ya London nzima.

Usiniandikie mpaka utakaponirudisha mezani.

Ambrose Thurlow


London, 3 Agosti 1603

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Bwana Wragg amefariki. Mjane wake amefunga kazi, lakini aliniachia ufunguo kwa wiki moja, nami nimepanga herufi kwa mkono wangu mwenyewe. Ni kazi ya kutia wazimu. Mara ya kwanza sauti yako ilitoka ikitazama upande wa Mama, kana kwamba mmebanana kiti kimoja, nikafumua nikaanza upya. Nimeweza wimbo mmoja tu, ule wa kwanza. Lakini umo, Baba. Mama huku, wewe kule, macho kwa macho.

Upande wangu wa ubavuni umebaki mtupu. Muda uliniishia, nikasema nitaujaza baadaye. Jana jirani wa ghorofa ya chini aliugua, na leo wameupigilia misumari mlango wetu tusitoke, na kuuchora msalaba mwekundu. Tunashusha kapu dirishani, mlinzi anapokea. Barua hii na karatasi zitapita kwake. Nina homa kidogo. Huenda ni uchovu tu.

Nisamehe. Sikujua kwamba alikuwa anaogopa. Nilidhani ni wewe uliyependa kusikika.

Mwanao,
Gervase


Lavenham, 30 Agosti 1603

Mwanangu Gervase,

Marahaba, mwanangu. Marahaba mara mia.

Karatasi imefika. Walinzi wa barabarani waliinyunyizia siki kwa hofu ya tauni, wino umechuja, lakini nasoma. Herufi zako zimepinda kidogo, jinsi ulivyokuwa ukikaa kitini. Wragg, Mungu amrehemu, angekucheka. Niko upande wangu, namtazama mama yako. Nimeushusha udi, nimeuweka kitini kwake, nikaimba sauti yangu. Peke yangu inatisha. Sasa namwelewa.

Homa imeshuka? Nijibu kwa mchukuzi huyu huyu anayekuletea barua.

Baba yako


Lavenham, 11 Oktoba 1603

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Unakula?

Mchukuzi amerudi na barua yangu ya Agosti. Haijafunguliwa. Anasema mlinzi aliita sana chini ya dirisha lako, kapu halikushuka, na sasa mlango umefunguliwa na ndani wamepaka chokaa kufukuza tauni. Alinieleza hayo taratibu, kofia mkononi. Nikamwambia mwanangu atakuwa amehamia mtaa mwingine, vijana hawana tabia ya kuaga. Nikampa bia na mkate.

Ule upande mtupu nimeujaza mimi. Kwa vidole hivi imenichukua majuma. Ni sauti yako ya kati, ile uliyokuwa ukiimba huku unatikisa miguu isiyofika sakafuni. Nimeiandika kiubavu, ikutazame. Karatasi iko mezani na kiti chako nimekivuta.

Nilikuambia usiniandikie. Maneno hayo nayafuta. Andika, hata neno moja, hata la kunitukana. Mchukuzi anaondoka Jumatatu. Barua hii nitampa, na nimemwambia aipeleke kwenye mlango ule ule.

Baba yako