Tulivyompokea Lorine Uwanjani

Karungu,
Kaunti ya Migori.
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Benta,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Doha? Mgongo umepona, au bado wanakuachia kuinua wagonjwa peke yako? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na magoti yametulia kidogo.

Kabla hujasikia kwa watu wengine, acha nikuambie mwenyewe: Lorine ni mzima, na kosa lilikuwa langu. Usianze kulia. Mambo yameisha vizuri.

Ijumaa binti yako alirusha ndege peke yake kutoka Migori hadi Homa Bay, bila mwalimu kando yake. Asipofaulu safari hiyo, leseni hapati. Basi nikakodi gari, nikampakia Mama pamoja na akina mama saba wa kikundi cha Dorcas cha kanisani na sare zao, twende tumpokee.

Askari wa uwanja alituambia tukae nyuma ya ua. Lakini unatujua. Kwetu mgeni wa heshima hangojwi watu wameketi, anaendewa njiani. Ndege ilipotokea upande wa ziwa, akina mama wakaanza wimbo, na mimi, mzee mzima wa kanisa, nikawa wa kwanza kuvuka ua. Tukajikuta katikati ya njia ya ndege tukipunga vitambaa.

Benta, niliona magurudumu yakija usoni. Akili ikanirudia, nikataka kukimbia. Nilikuwa nimemshika Mama mkono, naye hawezi kukimbia. Ghafla injini ikanguruma, ndege ikainua pua na kupita juu ya vichwa vyetu. Kitambaa cha Mama kilipeperuka, na hadi leo hatujakiona. Askari alitufukuza kama mbuzi, kwa maneno ambayo siwezi kumwandikia dada yangu.

Lorine alizunguka akatua salama, lakini nilijua nimemharibia. Nikampigia simu mwalimu wake, Bwana Bogonko, aliyebaki Migori, nikimwomba asimwadhibu. Alicheka sana. "Mzee, hiyo ya kupaa tena ndiyo ngumu. Yeye amepita. Nyinyi ndio mmefeli." Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya askari huyo huyo.

Lakini kuna jambo linanirudia kila nikikaa. Lorine aliposhuka hakusalimia mtu. Alitupanga kando ya ua, akaanza kutuhesabu, akimgusa kila mmoja begani. Unajua kwetu watu hawahesabiwi, ni kuita mkosi, ila hakuna aliyethubutu kumkataza, hata Mama. Alifika kwangu mimi mjomba wake mwisho.

"Nera, hakuna mwingine amebaki huko?"

"Hakuna, mama. Tuko wote."

Ndipo akaketi kwenye nyasi, akalia akikuita wewe.

Mpigie simu, dada. Hajataka kukuambia.

Mama na mwanangu Maxwell wanakusalimu. Mungu akushike mkono huko uliko.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukuomba radhi,
Nashon