Mwendo wa Kunyoosha Mkono

Jumanne, 7 Juni 1994
Mazoezi ya kasi, barabara ya Kizota. Nguzo mbili za umeme kwa nguvu zote, moja kwa kulegea, kisha tena. Upepo wa kipupwe, vumbi mpaka kwenye meno. Kocha Salumu nyuma yangu na baiskeli, anapiga kengele kila nikilegea kabla ya nguzo. Zamani tulikuwa timu nzima ya karakana, na lori la shirika likitufuata na maziwa. Sasa karakana inafungwa, wengi wamepunguzwa. Mkimbiaji nimebaki peke yangu.

Alhamisi, 9 Juni
Siku ya polepole. Saa ya kukimbilia hatujawahi kuwa nayo, kocha hupima kwa salamu. Polepole: umsalimie mtu mpaka habari za mbuzi na mavuno bila kuhema. Kati: shikamoo tu. Kasi: mkono juu, mdomo ufunge. Kipimo hicho alikitunga miaka ile, tukacheka mpaka tukakaa chini. Leo nimewakumbuka wale wote.

Tarehe 25 ni mbio za mwisho za jezi yetu. Nataka kuivaa. Sitaki kitu kingine mwezi huu.

Jumapili, 12 Juni
Balaa. Jana, kwenye nguzo za kasi, nilimpita mama mkwe na kapu lake la mtama. Nikamnyooshea mkono. Mkwe, mkono. Nilimtambua, miguu ndiyo iliyoamua. Leo kanisani hakukaa benchi letu. Yohana, mume wangu, amerudi toka kwake amenuna. Mama amesema mwanamke anayempungia mkwe kama anafukuza inzi hana adabu, na hakanyagi kwetu mpaka niache kukimbia. Nina hasira naye. Nina aibu pia.

Jumatano, 15 Juni
Sikukimbia. Yohana hasemi niache, hasemi niendelee.

Kocha amekuja, amesikia. Anasema kosa ni lake, alisahau kuweka sheria ya wakwe. Sikucheka. Enzi zile tulipita kundi zima na watu wakajua ni timu. Ukikimbia peke yako unaonekana mwizi au mwendawazimu.

Jumatatu, 20 Juni
Nimekwenda kwa mama kwa miguu, kuku kwapani. Nikapiga goti mlangoni, nikamsalimu kwa Kigogo, mbukwenyi. Akaniacha hapo akipepeta mtama. Halafu akaitika, akauliza yote: watoto, mbuzi, ghala. Nikajibu yote. Nikamweleza nguzo na salamu za kocha. Akauliza mbio zinapita wapi. Nikasema hapa mbele.

"Basi nitakuwepo," akasema. "Na siku hiyo nitakuwa mkwe wako vilevile."

Kuku amempokea. Ruhusa hajatoa.

Jumamosi, 25 Juni
Nimekimbia. Jezi imefifia, lakini ni ile ile. Kwenda mjini nilikuwa nyuma ya wasichana wawili wa sekondari. Kurudi nikampita mmoja, wa pili nikamkaribia. Hapo nikamwona mama kando ya barabara na majirani, amevaa kanga ya kanisani.

Nilishaamua tangu usiku. Nitasimama, nitapiga goti, nafasi iende. Nikalegeza. Nikaanza kuinama. Akanitazama usoni, sawasawa. Halafu akageuka. Akanipa mgongo, akabaki anaangalia ukuta wa jirani kama vile una maandishi. Majirani wakashangaa. Mimi nilielewa. Asiyekuona hakudai salamu.

Nikapita kwa nguvu zote huku nalia. Nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni yule msichana, na amestahili.

Alhamisi, 30 Juni
Geti la karakana limefungwa mchana. Tumepeana mikono. Jezi hakuna aliyezidai. Kocha anakwenda kutengeneza baiskeli sokoni. Nilidhani nitalia, sikulia.

Jioni mama amekuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Amekula ugali na mlenda, akalalamika chumvi. Mbio hakuzitaja, nami sikuzitaja. Wakati wa kuondoka akauliza kesho natoka saa ngapi kukimbia, aje akae na watoto.

Nikamwambia timu imekwisha.

Akasema hakuuliza habari za timu, ameuliza saa.