Lihafu ya Zorka Uliyoiacha Katikati

Ni mwaka mzima leo, Baba, tangu ulipoinuka kwenye lihafu ya Zorka, ukachomeka sindano kwenye ukosi wa shati, ukasema unakwenda uani kunyoosha mgongo. Mama alikukuta umeegemea ukuta. Sindano ilikuwa bado ukosini.

Gradimir, fundi wa Mtaa wa Kinu, mji wetu wa Vranje umelala chini ya kazi ya mikono yako kwa miaka arobaini na mmoja. Hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyetoka kwao bila lihafu yako, blanketi nene la satini lililojazwa sufu ya kondoo uliyoipiga kwa fimbo mpaka ikawa nyepesi kama povu. Ulishona ukiwa umekaa juu ya kazi yenyewe, miguu umekunja, soksi safi kila siku, kwa sababu ulisema mtu atakuja kulala hapo ulipokalia wewe.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa uzi. Ukikosea hukutukana. Uliweka subana chini, ukaigeuza kazi kifudifudi, ukaiacha siku tatu. "Mkono wenye hasira haufumui, unachana," ulituambia. Siku ya tatu ndipo ulipofumua, tundu kwa tundu, ukilisugua kila tundu kwa ukucha mpaka satini isahau. Dada yako, Shangazi Desanka, alikutania kwamba siku mkeo akikukosea utamlaza kifudifudi siku tatu. Ulimjibu kwamba Dobrila ndiye aliyekuwa akikugeuza wewe.

Anayeandika haya ni mimi, Nevenka, binti yako mdogo. Familia imenipa kazi ya kuandika tangazo hili la kumbukumbu, litakalobandikwa mtaani majirani walisome, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumalizia lihafu ya dada Zorka. Na lipo jambo ambalo lazima ulisikie kabla ya Jumamosi.

Harusi imengoja mwaka. Nyumba yenye matanga haichezi ngoma, na Zorka hakuomba apunguziwe hata siku moja. Jumamosi hii wanakuja kumchukua. Lihafu itabebwa juu ya vitu vyake vyote, imekunjuliwa, kutoka getini kwetu mpaka mwisho wa mtaa, na kila mwanamke atakuwa mlangoni. Wote wanaujua mkono wako. Wataona pale unapoishia.

Shangazi alisema tununue ya dukani. Mama akasema binti wa Gradimir halali chini ya kitu cha dukani, na mjadala ukaishia hapo.

Ulikuwa umemaliza waridi kubwa la katikati na mawimbi yanayolizunguka. Zilibaki kingo na kona nne. Ulitufundisha kwamba lihafu hushonwa kutoka katikati kwenda nje, maana sufu hutembea mbele ya sindano. Nilijua. Lakini nilipouona mshono wako wa mwisho niliogopa kugusa jirani yake. Nikaanzia ukingoni, nije taratibu, nikutane nawe ndani.

Sufu ikakosa pa kutokea. Baada ya wiki mbili palikuwa na kilima kati ya kazi yangu na yako. Shangazi aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akakitazama kile kilima, akauliza, "Humo ndani mmemlaza nani?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Walipotoka sikuiacha kazi siku tatu, Baba, sikuiacha hata dakika tatu. Nilifumua huku nimeuma meno, na mkasi ukateleza. Satini ilichanika urefu wa vidole vinne. Na haikuchanika upande wangu. Ilichanika upande wako, kwenye wimbi la mwisho.

Nilizunguka maduka yote ya vitambaa. Nyekundu ziko nyingi, nyekundu ile haipo. Nikaikunja lihafu na kuanza kusema uongo: kila aliyeuliza nilimjibu inakwenda vizuri. Nilijibu hivyo siku nne. Zorka aliusoma uso wangu, akaikunjua mwenyewe, akapitisha kidole palipochanika, kisha akakaa sakafuni.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi leo atajua. Mimi siingii kwa watu na siri ya blanketi."

Mama alivaa miwani. Unakumbuka kwamba miaka thelathini na mitatu hukumruhusu kutia hata pindo kwenye kazi yako. Ulisema anashona kama mtu anayefunga gunia la viazi. Alipatazama kwa muda mrefu, nami nilitamani anipige yaishe. Kisha akaomba sindano. Aliushona ule mpasuko yeye mwenyewe, mishono mikubwa, imepinda, ya gunia haswa. Alikuwa analia, ila mkono haukusimama.

"Zamu yangu imefika, Gradimir," aliliambia lile waridi.

Nilifumua yangu yote, safari hii siku ya tatu, nikaanza upya kando ya mshono wako wa mwisho, kwenda nje. Sufu imekubali kutembea. Matundu ya zamani bado yanaonekana; nimeyasugua mpaka ukucha umevunjika. Kona tatu zimekwisha. Ya nne bado, na leo ni siku yako, siku ambayo kwetu hakuna mwanamke anayegusa sindano. Nimeiweka mikono mapajani na haitulii. Imebaki Alhamisi na Ijumaa. Sijui kama zitatosha.

Jana Shangazi, kwa mapenzi tu, alishauri tuibebe bitana ikiwa juu, tuseme tunaikinga na vumbi. Zorka alikuwa anachoma pilipili kwenye jiko. Hakugeuka.

"Itabebwa uso juu, Shangazi. Kona ikiwa haijaisha, itabebwa hivyo hivyo. Baba ni wangu, na hawa wenye mishono mibaya ni wangu vilevile."

Kwa hiyo, majirani, leo saa nne asubuhi tunawangoja kaburini. Ngano ya kumkumbuka marehemu imeshachemshwa na divai ipo. Na Jumamosi saa tatu, mkiwa milangoni, tazameni mpaka mchoke. Mishono iliyonyooka ni ya Gradimir. Iliyopinda ni yetu, tuliobaki.

Wanaokukumbuka ni mkeo Dobrila, binti zako Zorka na Nevenka, dada yako Desanka, na Ratko, ambaye Jumamosi atakuwa mkweo.

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, siku zote za maisha yetu.