Kuni za Msiba Wako

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipotutoka, nasi hatuna uso wa kukutazama hata pichani.

Mchungaji Nathaniel Machibya, ulibatiza watu ziwani hapa Ilemela miaka thelathini na moja. Aliyetoka majini hukumruhusu abadili nguo. Alipanda mti kwanza, pale ukingoni, huku anatetemeka, na mti ukaitwa kwa jina lake. "Ziwa limekubeba leo," ulimwambia, "nawe ulibebe."

Kwa wagonjwa ulikuwa mpole, na wajane uliwalimia kwa mikono yako. Lakini kwenye miti, mh! Mtu akikuamkia shikamoo ameshika panga, ulimjibu, "Marahaba huipati mpaka uliweke chini hilo." Alfajiri ulibeba ndoo ukamwagilie kabla hujapiga goti. Mama alikutania kwamba unaisalimia mijohoro kabla ya Mungu. Ukacheka, ukamwambia Mungu ndiye aliyekutuma huko.

Uliomba uzikwe nyuma ya miti hiyo. Tukakuzika hapo, hatua arobaini kutoka majini.

Sasa tuseme lile tulilokuficha. Waombolezaji walijaa kuliko tulivyodhani. Siku ya pili, kabla hatujakuzika, jikoni wakapiga kelele kuwa kuni zimekwisha na ugali wa watu mia tatu haujasongwa. Baba mdogo Chenge akasema, "Kateni hapo hapo. Mwenye ukali kalala." Mwanao mkubwa, Masele, akachukua shoka. Wa kwanza kuuangusha ulikuwa mjohoro wake mwenyewe, wa ubatizo wake, akidhani utatosha. Haukutosha. Mpaka tunaanua matanga, miti kumi na saba ilikuwa chini. Mama alikuwa mkekani na wenzake. Alisikia shoka, akadhani wanachonga jeneza lako. Na kuni zilikuwa mbichi, Baba. Moshi ulitutoa machozi, watu wakasema kweli hawa walimpenda baba yao.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja, ziwa likapanda. Ukingo usio na mizizi unamong'onyoka kama andazi kwenye chai. Masele hupima kwa hatua kila asubuhi: thelathini, ishirini na mbili. Juzi alihesabu kumi na moja, akarudi ndani na hakula siku nzima. Mwezi wa tatu tulipanda tena, maji yakabeba. Tukarudia, mbuzi wakala. Mwenyekiti wa mtaa anashauri tukuhamishe. Mama akamuuliza, "Nitamwambia anahama kwa nini?"

Miti iliyopona shoka imekwenda na maji. Umebaki mkuyu mmoja tu, wa Mama, nao nusu ya mizizi yake inaning'inia.

Jumapili hii, baada ya ibada, hatutapika. Hata chai hatutachemsha. Wote uliowabatiza tunawasihi, jamani, kila mmoja aje na mche na jembe lake. Masele atasimama mbele ya kanisa aseme ni yeye aliyekata. Amejaribu kuyasema maneno hayo mbele yetu mara mbili, na mara mbili ametoka nje kabla hajamaliza. Hatujui kama miche itashika kabla mvua hazijarudi. Mungu aliyeiwekea bahari mpaka, tunamlilia atuwekee na sisi huu mdogo.

Unakumbukwa na mkeo Dorcas; wanao Masele, Malimi na Dorotea; mdogo wako Chenge, ambaye hajakanyaga hapa nyumbani tangu matanga; na wajukuu zako wote, ambao bado hawana miti.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Tusamehe kabla maji hayajakufikia.