Senene wa Udongo na Jino la Shemeji

Ijuganyondo, Bukoba
Novemba 21

Kwako dada yangu Ephrasia,

Pokea salamu zetu. Magoti yanaendeleaje? Na migomba ya huko Muleba, imeinuka baada ya ule upepo? Sisi wazima, mimi nimezidi kunenepa, na Joackim wangu amezidi kunyamaza. Nakuandikia kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, nyumba nzima inasikiliza.

Ujumbe wako nimeupata: kwamba nimuwahi shemeji yangu Ta Kagaruki na kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, niombe radhi, na oveni niigawe kabla ya kikao cha ukoo Jumapili. Naona habari imekufikia ikiwa imeshapambwa. Basi isikie kwangu.

Unaujua mchezo wangu wa uzeeni, ule udongo wa plastiki wa rangi rangi. Naukanda hadi unalainika kama donge la maandazi, nachora miguu ya wadudu kwa sindano, naoka nusu saa kwa moto mdogo, ukishakuwa mgumu natengeneza hereni. Mwanzoni nilizidisha moto, ndizi zangu za udongo zikatoka mkaa mtupu, jirani akaja kuuliza kama tunachoma ndoo. Lakini mwezi huu, dada, nimewapata senene! Wa kijani, wa kahawia, migongo inang'aa utadhani wametoka kwenye kikaango.

Ta Kagaruki alikuja Jumamosi, trei ikiwa inapoa mezani. Alikaa akamwambia Joackim, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mke wa miaka hamsini na mbili anayefinyanga vidude kama mtoto wa chekechea anauaibisha ukoo, tena vyenyewe havifanani na chochote. Joackim akatazama dari. Na shemeji, akiwa bado anahubiri, akachota senene watatu akatupia kinywani. Ukelele wake ulifika hadi kanisani. Lile jino lililong'oka lilikuwa linacheza tangu Pasaka, ila sasa kesi ni yangu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wote wanadhani nilikuwa jikoni. Sikuwa. Nilisimama mlangoni, nikauona mkono wake ukienda kwenye trei. Neno moja lingetosha. Nikalimeza. Nilitaka kujua kama kweli havifanani na chochote.

Jumapili nitalisema hilo mbele yao. Rubisi nitabeba, na jino nitaliombea radhi, maana kunyamaza kule kulikuwa kubaya. Ila oveni haitoki. Mimi na wewe tumekua tukikamata senene na kuwanyonyoa mbawa, wanaume wakila, sisi tukiambiwa mwanamke hali senene. Hawa nimewatengeneza mwenyewe, na simwombi mtu ruhusa. Wakitaka kuibeba oveni wanibebe nayo, na uzito wangu unaujua.

Nisalimie wote hapo kwako, na mumeo umwambie namkumbuka. Wewe panda basi la asubuhi, Jumapili ukae upande wangu.

Mdogo wako mkaidi,
Consolata