Majina Matano Niliyompa Mtu wa Maktaba

Bugendana, Jumapili

Kaka Festo,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na maharagwe ya bondeni, mvua imeyaacha salama huko Buhinyuza? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inachemka, na unajua mbele za watu ulimi wangu hukauka, kwa hiyo hasira yote naimwaga kwenye karatasi hii. Nyingine ni yako, nisikufiche.

Unajua bwenini nilikosa nafasi, nakaa huku kwa shangazi, mbali na chuo. Makala za utafiti za maktaba yetu zinasomwa kwenye intaneti. Ukiwa ndani ya chuo zinafunguka zenyewe. Ukiwa nje, lazima uweke namba yako ya mwanafunzi na neno la siri, na neno hilo unalifuata mwenyewe kwenye dawati la maktaba, kadi mkononi. Tangazo lake limebandikwa mlangoni kwa Kiingereza kitupu. Wenzangu waliosoma kwa Kifaransa tangu utoto walilipita tu, wakidhani ni la walimu. Mimi nililielewa, shauri ya shule ya Tanzania, miaka yetu ya ukimbizini. Nikaenda, nikapewa. Nikawa nasoma habari za mnyauko wa migomba kwa simu ya shangazi, nimekalia gunia la mihogo mikavu, raha mustarehe.

Kelia wa darasani kwetu, ambaye hajawahi kunijibu hata salamu, akaja mbio.

"We Mtanzania! Wanasema uko unasoma maktaba yote nyumbani. Code iko wapi, chérie?"

Kaka, nakiri. Ningemwambia tu, nenda dawatini, ni dakika kumi. Sikumwambia. Nilimpa neno langu la siri, yeye na wenzake wanne, kwa sababu nilitaka wanihitaji. Na nilijitetea kwa maneno yako. Kule kambini ulituzungushia kitabu kimoja cha Baiolojia watu kumi na mmoja, kila mtu zamu yake, ukisema anayeficha elimu ni mwizi. Basi nikajiona mtu mwema sana.

Kelia akapakua mamia ya makala kwa siku moja, eti akiba. Akaunti yangu ikafungwa. Zilibaki siku tatu nikabidhi kazi yangu ya muhula, nayo ndiyo inaamua kama naendelea mwaka wa pili au narudi kupalilia na wewe.

Dawatini, bwana wa maktaba aliona akaunti imefunguliwa kwa simu za watu wengine, akanitazama juu ya miwani. "Mademoiselle, code iko ya mtu mmoja. Hapa si kambini, kila kitu cha wote." Alisema kwa sauti, watu wakageuka. Nilitaka kumrushia kadi yangu usoni! Nikasema, "Ndiyo, bwana." Akanisukumia karatasi. "Andika majina yao, nafungua leo. Ukikataa, utangoja mwaka ujao."

Nikaenda kwanza kwa wenyewe. Nikawaambia, twendeni pamoja tukaombe radhi. Kelia akapaka mafuta midomo. "Mi sikukuomba mbele ya mtu. Utaonyesha nini?" Wengine wakafungua madaftari wasiyoyasoma. Kati ya wale watano, Odile peke yake ndiye aliyekuwa hayupo, mtoto wake alikuwa na homa.

Nikarudi maktaba nikaandika. Yote matano, Kaka, kwa mwandiko mzuri. Nilipofika kwenye jina la Odile mkono ulisimama, maana yeye alichukua makala mbili tu, tena alinishukuru. Nikaliandika, nikiogopa wakihesabu simu zilizotumika watakuta jina moja limepungua. Akaunti ikafunguliwa papo hapo. Wao watano wamezuiwa kusoma wakiwa nje ya chuo mpaka mwaka uishe. Kelia haimuumi, analala bwenini. Odile anakaa mlimani mbali kunizidi, na mgongoni ana mtoto.

Kazi yangu nimekabidhi. Mwalimu amesema ni nzuri. Sijafurahi hata kidogo.

Jana nilimpelekea Odile makala zake nilizozichapisha. Akazipokea kwa mikono miwili, akaziweka juu ya meza. Nikamwambia walinilazimisha. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

"Ima," akasema, "mi singeandika jina yako."

Hakukasirika, na hilo ndilo linalonichoma, maana namwamini.

Sasa na wewe nijibu. Ulitufundisha kugawana, hukutufundisha mtu afanye nini siku anapodaiwa majina. Usiniletee methali. Niambie wewe ungeandika au la.

Msalimie Mama, umsomee habari ya kazi yangu, ya majina iruke. Msalimie mkeo, na mjomba wa Mwakiro anayeuliza kila mara kama nimeshapata mchumba. Mwambie bado sijapata hata rafiki.

Mdogo wako mwenye hasira,
Imakulata