Kitufe cha Endelea

Winnipeg, 9 Novemba

Kaka yangu Orest,

Nakusalimu sana. Natumaini goti limetulia na wifi Colleen amepona mafua. Mimi mzima, ila nimegombana tena kazini, na najua umeshaanza kucheka.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye ghala la nafaka karibu na mji wa Brandon kuona kozi zetu za usalama zinavyotumika. Miaka kumi na tisa natengeneza masomo ya kompyuta, michoro, video na sauti, na sijawahi kumwona mtu akisoma hata moja. Ofisini tunatazama asilimia tu. Wakimaliza wote, tunakata keki.

Nilikuta kompyuta inaongea peke yake na wanaume sita wanacheza karata. Kitufe cha Endelea hufungwa mpaka msimulizi amalize, basi kila baada ya dakika mbili mmoja ananyoosha mkono, anabonyeza, anarudi kwenye karata. Nilimuuliza mmoja wao, Lyle, aliyefukiwa na ngano anaokolewaje. Akasema jibu ni C, dada, majibu yote yamebandikwa ukutani. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi damu ilinichemka.

Nilirudi nikamwambia bosi wangu, Haldane, kwamba tunagawa vyeti, hatufundishi. Kwamba ukimfungia mtu mzima kitufe unamfanya mtoto, naye anakulipa kwa kuziba masikio. Akaniambia, Iryna, punguza moto, wateja hawalalamiki. Nikamjibu kwamba hata maiti hawalalamiki. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi nitengeneze somo moja kwa njia yangu. Likishindwa, nifunge mdomo au nitafute kazi kwingine.

Sasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Ile kozi unayoitukana kila Krismasi, yenye katuni uliyesema anaongea kama amemeza redio, niliitengeneza mimi. Kufunga kitufe lilikuwa wazo langu, nikapewa tuzo. Wewe ulikuwa ukitukana, mimi nakupitishia viazi, kimya.

Siku Wade, mwenzako wa ghalani, alipofukiwa na ngano, ulimvuta kwa kamba kwa sababu hukujua kwamba hapaswi kuvutwa. Bega lake halijapona, nawe hujajisamehe. Ukurasa wa kumi na nne ulieleza: mzungushie mbao, chota ngano iliyo ndani. Niliyaandika maneno hayo kwa herufi ndogo, chini ya miguu ya katuni. Kosa ni langu, kaka. Utue mzigo huo.

Naomba usimulie siku ile kwa sauti yako, ndilo liwe somo langu, bila katuni wala maswali. Lyle ataweka karata chini akikusikia; wewe ni mtu wa kazi kama yeye.

Jumamosi nitafika asubuhi. Ukitaka kunitukana kwanza, nitukane mpaka uchoke. Kinasa sauti kitakuwa kimewashwa, na ukishapumua utaanza na Wade.

Nibusie watoto, na mwambie wifi asinipikie kitu.

Dada yako akupendaye,
Iryna